Mistari Mitano kwa Shangazi

Rugenge, Uvira, tarehe 12 Januari 1964

Kwako Octave, mutoto wa kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba yote ya huku. Minye niko, ninaamka, ninashuka ziwani, ninarudi, na mugongo njo unalalamika zaidi yangu. Pétronille, mutoto wako, iko muzima. Jino la mbele limetoka, sasa akisema kitu anapiga muluzi bila kutaka. Ameshajua kuandika jina lake lote. Ameliandika na makaa ku ukuta wa jikoni, nikamukaripia, kisha nikaliacha pale. Florentine, mwenzangu wa kuanika hizi samaki zetu ndogo, ndagala, anakusalimia na anauliza kama mji umekunenepesha. Mvua imezidi. Katekista wetu tumemuzika Jumatatu, na tulimulilia vizuri.

Sasa jambo lililonikalisha chini. Kamyo ya nyumba yenu ya biashara ilikuja Alhamisi. Gaspard dereva akapakia magunia yetu yote, na siku ya tatu amerudi nayo. Anasema patroni wenu amefungua moja, amesikia harufu, amefukuza yote na kusema wanawake wa Uvira ni waongo. Octave, waongo namna gani? Nilimwandikia patroni huyo kabla kamyo haijatoka huko. Nilisema mvua imetupiga, ndagala zimelowa, angoje juma moja tuanike tena. Kurasa mbili, kwa mwandiko wangu wa misioni, hakuna hata doa. Gaspard anaapa aliziweka mu mukono yake mwenyewe. Aliisoma barua au hakuisoma? Weye karani wake unafanya kazi naye mu biro moja, niambie. Wenzangu wote wananitazama minye, kwa sababu njo minye ninawaandikia.

Pétronille anauliza kama Pasaka utakuja. Nimemwambia nitakuuliza. Basi nimekuuliza.

Shangazi yako,
Honorine


Bujumbura, 21 Januari 1964

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba mko wazima, na pole kwa katekista. Minye niko sawa, kazi tu ndiyo inanila.

Barua yako niliikuta kwenye kikapu cha takataka cha patroni. Usinikasirikie kwa hili ninalosema. Ukurasa wa kwanza wote ni salamu. Unamwuliza patroni habari za mke wake na watoto wake, unamwuliza kama mama yake aliye Ulaya amepona miguu, na weye hujui hata kama ana mama. Kisha kuna mvua ya Desemba, kuna harusi ya mtu wa Kavimvira. Ndagala zilizolowa ziko chini ya ukurasa wa pili, baada ya kusema kwamba huna mengi zaidi. Patroni anasoma Kiswahili cha biashara vizuri, lakini hasomi namna hiyo. Kila asubuhi anapewa karatasi nyingi. Anatazama mistari miwili ya juu, asipoona kitu cha kufanya anatupa. Si ubaya wake, ni kazi.

Basi fanya hivi. Neno lako liweke juu kabisa, la kwanza. Usiweke mambo mawili katika karatasi moja, maana la pili litapotea. Sema unataka afanye nini na siku gani. Usiandike "mwezi ukiingia giza". Yeye hajui kwamba ndagala hazivuliwi mwezi ukiwa mweupe. Andika tarehe. Usieleze sana kwa nini, sababu zikiwa nyingi mtu anaanza kukushuku. Na kabla ya kufunga, isome kana kwamba weye ndiye patroni, umechoka, na kahawa yako imepoa. Ikipita mistari mitano, punguza.

Habari ya Pasaka, tuko na kazi ya kuhesabu bohari yote. Nitaona.

Octave


Rugenge, tarehe 9 Februari 1964

Kwako Octave, karani wa watu,

Tunakusalimia sote, hata mbuzi wa Florentine aliyekula kiatu changu. Minye niko hivyo hivyo. Pétronille alishikwa na homa, tukamupa dawa ya kinini, ikashuka. Sasa anacheza.

Tulikaa na Florentine tukajaribu kazi yako. Nilipofuta habari za mama wa patroni, Florentine alicheka mpaka akalia. Aliniuliza, unamwandikia muntu bila kumuuliza amelala namna gani, atakuona weye ni wa kabila gani? Lakini nilifuta. Tukabaki na hii: "Ndagala kavu ziko tayari. Tuma kamyo Alhamisi tarehe 30 Januari, asubuhi. Zile zilizolowa tumezimwaga. Honorine wa Rugenge." Nilipoifunga nilisikia haya, sawa muntu aliyeingia nyumba ya wengine bila kubisha. Nikamwomba Gaspard amusalimie patroni kwa kinywa, kisirisiri.

Na kamyo ilikuja Alhamisi ile ile, asubuhi ile ile. Patroni amesema ni vizuri. Wanawake wamefurahi. Kwa hiyo umeshinda.

Lakini ngoja nikueleze ya Bwegera. Niliona dawa ni nzuri, nikamwandikia na Sylvestre anayetuuzia mchele. Mistari mitatu, mchele kiasi gani, siku gani, basi. Mzee wa watu amepanda baiskeli kutoka Bwegera mpaka huku, mu jua lile, akaingia na kofia mu mukono, akauliza amenikosea nini. Hakutaka hata kukaa. Alisema muke wake amelia. Nilimupikia, nikamuomba radhi, na mchele ukaja juma lililofuata. Huku kwetu karatasi fupi unamwandikia muntu usiyemujua au muntu uliyemukasirikia. Kwa hiyo sasa niko na mikono miwili ya kuandika, mumoja wa patroni, mumoja wa watu.

Hukuja Noeli. Mwaka jana pia hukuja, na ule wa nyuma yake ulikuja ukalala siku moja. Gaspard anakunywa chai Bujumbura, saa sita anakula kwangu. Sikulaumu, ninakueleza tu urefu wa njia.

Honorine


Bujumbura, 3 Machi 1964

Shangazi mpendwa,

Natumaini homa ya mtoto haijarudi. Minye niko, ila usingizi mdogo.

Habari ya Sylvestre imenichekesha, kisha imenitia huruma. Patroni sasa anaomba karatasi zako kwa jina. Jana aliionyesha moja kwa makarani wote, akasema hivi ndivyo mtu anaandika. Sikusema kwamba weye ni shangazi yangu. Ningesema, angefikiri nimeandika minye.

Ninampa Gaspard kitambaa cha gauni la Pétronille na ubao wa kuandikia, aache kuta zako. Pasaka sitaweza. Ruhusa amepewa mwingine mwenye mgonjwa nyumbani. Labda Juni.

Octave


Bujumbura, 14 Aprili 1964

Shangazi,
Nipelekee Pétronille na kamyo ya Alhamisi tarehe 23.
Nguo chache tu, na karatasi yake ya ubatizo.
Gaspard atampokea asubuhi, nitamngoja hapa biro.
Nijibu kwa Gaspard huyu, ndiyo au hapana.
Octave


Rugenge, tarehe 16 Aprili 1964

Octave,
Hapana.
Honorine


Rugenge, tarehe 3 Mei 1964

Kwako Octave, mutoto wa kaka yangu,

Tunakusalimia. Minye niko muzima mu mwili. Pétronille iko muzima, gauni la kitambaa chako limemukaa vizuri, kanisani alikataa kukaa chini lisijikunje. Florentine anasumbuliwa na magoti. Huku maneno ni mengi. Wanasema upande wa bonde vijana wameingia mu uasi, na masoda wanapita na bunduki usiku na mchana. Sylvestre ameacha mchele wake umesimama shambani, amekimbilia kwa wakwe.

Nimekungoja. Nilifikiri baada ya jibu langu utakuja. Alhamisi ile kamyo ilipofika nilikuwa nimeshapika. Gaspard akashuka peke yake. Alhamisi iliyofuata, Gaspard peke yake. Basi nimeelewa kwamba umeshakuwa muntu wa biro kabisa, na inabidi nikuandikie mambo ambayo hata mutoto wa huku anayajua.

Siku ulipomuleta Pétronille, Agathe, mama yake, alikuwa hajamaliza mwezi mu kaburi. Ulikuja na mutoto ku mugongo, mwanaume mzima, watu wakatazama. Ulikuja na muzee wa kukusemea. Mulikaa tangu saa sita mpaka jua kuzama, mukala, mukalia, ndipo muzee akasema, "Honorine, tumekuletea huyu, umulee." Nikampokea. Sasa unamutaka, na ni haki yako, weye njo baba yake. Lakini mutoto aliyelelewa anaombwa. Baba anakuja, au anamutuma muzee wake. Anakaa. Anashukuru kwa yale malezi. Anaomba. Na mwenye kulea, mara ya kwanza anasema hapana. Ni lazima aseme hapana, kwani akisema ndiyo mara moja itaonekana alichoka na mutoto. Kisha mwanaume anarudi kuomba mara ya pili, na mutoto ameshavikwa nguo tangu asubuhi.

Ile hapana yangu ilikuwa ya kwanza. Ulipaswa kujua.

Weye uliagiza nguo chache na karatasi ya ubatizo, kwa mistari mitano, sawa muntu anaagiza magunia. Hukusema kwa nini. Hukusema anaenda kukaa na nani. Ni Gaspard amenieleza kwamba uko na muke tangu mwaka jana, anaitwa Agnès, na ni muntu mwema. Nimefurahi. Sikuulizi kwa nini nimesikia ku kinywa cha dereva.

Kuja, Octave. Hata bila muzee. Nitakukatalia kidogo, kisha nitakupa mutoto wako. Nitalia, lakini nitakupa.

Shangazi yako,
Honorine


Bujumbura, 13 Mei 1964

Shangazi yangu Honorine, dada ya baba yangu, uliyenilea na minye kabla ya kunilelea mtoto,

Ninakusalimia sana. Ninamsalimia Florentine, na magoti yake yapate nafuu. Niambie kama nimtumie dawa ya kupaka. Ninamsalimia Sylvestre huko alikokimbilia, na mke wake, nikimwomba asamehe ile karatasi, kwa maana niliyekufundisha hivyo ni minye. Ninawasalimia majirani wote. Ninamsalimia Pétronille na gauni lake.

Barua yako Gaspard alinipa Alhamisi iliyopita. Nimeanza kuijibu kila siku, na kila siku nimechana. Sasa nisikilize.

Ninaogopa, Shangazi. Mwezi wa nne patroni alituita, akasema karibu ataacha kutuma kamyo Uvira, maana njia itafungwa, na yeyote atakayeandika jambo hilo atafukuzwa kazi. Tangu siku ile barua zetu zote zinazotoka na kamyo yeye anazifungua. Kwa hiyo niliandika mistari mitano. Katika kazi yangu karatasi fupi maana yake ni haraka. Nilifikiri utaona ufupi ule, utajua kuna moto. Ulipojibu hapana, niliipokea kama jibu. Nimezoea hivyo. Mtu akisema hapana ninaandika hapana, ninachukua karatasi nyingine.

Barua hii haitapita kwa patroni. Gaspard ataificha chini ya kiti.

Agnès anajua sasa kwamba nina mtoto, na amekubali. Ametengeneza kitanda.

Ninakushukuru, Shangazi. Kwa homa zote ulizokesha nazo na sikuwapo. Kwa ukuta wa jikoni. Kwa mambo ambayo siyajui kwa sababu sikuuliza. Ninakaa chini mbele yako ninakuomba unipe Pétronille. Ninaomba mara ya pili.

Mtoto wa kaka yako,
Octave

Tarehe 14. Gaspard amerudishwa na masoda ku mpaka, pale Kavimvira. Hakuna kamyo inayovuka. Amenirudishia barua.


Bujumbura, 2 Agosti 1964

Shangazi,

Kama barua hii imekufikia, mshukuru mwenye mtumbwi aliyeichukua. Sijui jina lake, hakutaka kulisema. Nimeifunga pamoja na ile ya Mei, ambayo haikuvuka.

Ninakusalimia. Siwezi kusalimia wengine kwa sababu sijui nani yuko. Kila Jumapili ninakwenda ku daraja la Ruzizi kuwauliza watu wanaovuka. Wengi ni wa Uvira. Wanasema ndege zimepiga mabomu karibu na ziwa. Mama mmoja wa Rugenge amesema alimwona Honorine akipanda milima na mtoto wa kike, mwezi wa sita. Nilimwuliza mtoto alivaa nini. Alisema hakutazama, kila mtu alikuwa anakimbia. Nilimkasirikia mama wa watu, mpaka Gaspard akanivuta mkono.

Ninatamani mtu aniandikie lolote, hata kama ni baya.

Octave


Milimani, nyumbani kwa Azarias, tarehe 8 Novemba 1964

Kwako Octave,

Barua zako mbili zimenifikia pamoja, juma lililopita. Zimepita mikono ya watu wengi, moja ina alama ya damu, sijui ya nani.

Tuko hai. Ninakwambia hilo kwanza, namna ulivyonifundisha. Pétronille iko hai, minye niko hai.

Florentine usimusalimie tena. Siku ya ndege ndagala zilikuwa zimeanikwa ku mchanga, zimekauka vizuri, na sisi wote tukakimbia. Yeye akarudi. Alisema hawezi kuacha kazi ya siku nzima kwa ajili ya kelele. Tulimupata pale, na kitambaa chake kimejaa ndagala. Tulimuzika haraka na wanawake wanne, bila wimbo, kwani tuliogopa kuimba.

Kisha nikamufunga Pétronille kitambaa tumboni asisikie njaa, tukapanda. Azarias na muke wake Nyirabagenzi wametupokea. Unawakumbuka? Walikuwa wanashuka soko ya Uvira na siagi, minye nikiwapa ndagala. Miaka yote tulikuwa tunabadilishana vile tu, na sasa tunakula kwao tangu Juni. Wao pia wamechoka na vita, wao pia hawajui kesho watahesabiwa upande gani. Hakuna siku wameniuliza nitaondoka lini. Pétronille amejifunza kukama. Anaota mu lugha yao. Lakini huku baridi ni kali, na amepata kikohozi ambacho hakitaki kwisha. Kinanitia woga.

Nimesoma ile barua ya Mei. Nyirabagenzi hasomi, akaniuliza kwa nini ninalia, nikamusomea yote, na yeye akalia. Ni barua nzuri, Octave. Hakuna hata neno moja lililokosekana. Lakini ulikuwa na juma zima. Kutoka Alhamisi mpaka Alhamisi njia ilikuwa wazi. Nilikuandikia "kuja", na weye ulitumia juma lile kuandika.

Na minye? Nilisikia vita inakuja, nikakaa kungoja uniombe mutoto kwa heshima. Ningemupandisha mu kamyo ile ya kwanza, Florentine angepanda naye kumusindikiza, labda angebaki huko, angekuwa hai. Nimelifikiria hilo mara nyingi huku, nikiokota kuni. Limenichosha. Silifikirii tena leo.

Honorine


Bujumbura, 26 Novemba 1964

Shangazi,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa. Asante kwa kusema kwanza kwamba mko hai. Pole kwa Florentine. Alikuwa ananiita mwembamba tangu niko mdogo, na hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo.

Kuhusu lile juma, kila sababu ninayoandika ninaifuta.

Hapa wanasema masoda wa serikali wamerudi Uvira, na ku Kavimvira watu wanaanza kuvuka kidogo kidogo na karatasi. Nyumba yetu imepata ruhusa ya kamyo moja. Gaspard anaweza kufika mpaka Rugenge, ana karatasi zote. Minye sina. Wanaume wanaotoka huku bila karatasi wanakamatwa, wanaulizwa walikuwa upande wa nani. Ninaogopa, nasema wazi. Mpe Gaspard mtoto. Na weye mwenyewe panda, Shangazi. Agnès anasema hivyo pia. Nafasi ipo.

Octave


Rugenge, tarehe 13 Desemba 1964

Kwako Octave,

Tumeshuka. Azarias alitusindikiza mpaka tulipoona ziwa, kisha akarudi haraka. Nyumba iko, milango hakuna, sufuria hakuna. Ndani walilala watu, sijui wa upande gani. Ukuta wa jikoni wameupiga moto. Ninafagia polepole, chumba kimoja kwa siku. Salamu za huku ni hizo.

Kikohozi cha Pétronille kimeshuka kifuani. Usiku ninamukalisha apate kupumua. Dispensari imefungwa, infirmier aliyekuwa anatibu watu amekimbia. Kwa hiyo sina tena muda wa kukataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili. Anakuja kwako, huko kuna daktari.

Sitaki pombe ya kuomba mutoto, sitaki muzee wa kukusemea, sitaki shukrani. Lakini usimutume Gaspard. Simupi dereva mutoto aliyeachwa na Agathe. Kuja weye mwenyewe mpaka Kavimvira, ku kizuizi, ukae upande wako, hakuna atakayekukamata upande wako. Minye nitamuleta mpaka pale ku kamba. Alhamisi, tarehe 31, asubuhi. Gaspard aendeshe tu.

Nimemwambia anaenda kukaa na baba yake. Alifurahi. Ameuliza kama baba anajua kukama.

Minye ninabaki. Florentine amelala huku bila wimbo, nataka tumuimbie watu wakirudi. Na nikipanda kamyo ile sitajua niko nani huko kwenu. Siku ile sitakaa kuongea, Octave. Nikikaa nitamurudisha.

Honorine


Bujumbura, 3 Januari 1965

Shangazi yangu Honorine,

Ninakusalimia. Pétronille yuko salama. Tulimpeleka kwa daktari siku ile ile. Amesema ni kifua, amempiga sindano, na kila siku anarudi kupigwa nyingine. Usiku wa jana alilala bila kukohoa mpaka karibu alfajiri. Agnès anamwogesha kwa maji ya moto, wanaongea wao wawili kwa sauti ndogo. Anakula ugali, maharage hataki. Nataka ujue haya yote kwanza, upumzike.

Sasa nikueleze ya Kavimvira, maana uligeuka haraka na hukuona.

Nilifika mapema sana. Nilisimama ku kamba na shati la biro, mfukoni nikiwa na karatasi ambayo nilikuwa nimeandika maneno ya kukushukuru, yote kwa utaratibu wake. Nikawaona mnakuja kwa miguu, weye na kifurushi kichwani, yeye ameshika kitambaa chako. Umekonda, Shangazi. Ulimfunga vifungo vya gauni, lile la kitambaa changu, limekuwa fupi. Ulimpa kifurushi. Uliniambia, "Huyu hapa," na ulipogeuka nilikuwa bado ninatafuta ile karatasi mfukoni. Nilikuita. Mmoja wa masoda akaniambia ninyamaze.

Yeye hakulia. Alinipa mkono kwa mikono yote miwili, kama ulivyomfundisha, akasema, "Jambo, bwana." Nikambeba nikampandisha. Alikaa katikati, Gaspard kwenye usukani, minye dirishani. Gaspard anamjua, ni mtu wa Alhamisi zake zote, kwa hiyo akamwegemea. Alikohoa, akalala kidogo, akaamka tulipopita Gatumba. Alinitazama viatu, akatazama mikono yangu. Kisha akamwuliza Gaspard, kwa adabu, kana kwamba sipo, "Huyu karani njo atanifikisha kwa baba?"

Gaspard alipunguza mwendo. Alinitazama juu ya kichwa cha mtoto, akaningoja niseme. Shangazi, nilinyamaza mpaka tulipofika Bujumbura.

Mtoto wa kaka yako,
Octave